Kompyuta Inaposhindwa Kupokea Masasisho: Jua Ilipokwama Kabla ya Kuifuta

Na Afisa Habari, Isikizya

Kila Jumanne ya pili ya mwezi, wakati ofisi za Isikizya zimekwisha kufungwa, kampuni ya Microsoft ya Marekani hutoa masasisho ya mfumo endeshi wa Windows. Kwa saa za Afrika Mashariki huwa ni saa 2 au saa 3 usiku, kutegemea majira ya huko. Kesho yake asubuhi, mtumishi anapowasha kompyuta ya ofisi, kompyuta hiyo huanza kuuliza kama kuna jambo jipya, huyapakua masasisho na kuyasimika. Mara nyingi kazi hiyo hukamilika bila mtumishi mwenyewe kujua.

Zipo siku, hata hivyo, ambapo kazi haikamiliki. Skrini huonesha kwamba usimikaji umeshindikana, ikifuatiwa na namba ndefu isiyoeleweka. Kesho yake ujumbe ni uleule, na wiki inayofuata pia. Mtumishi aliyechoshwa na ujumbe huo kwa kawaida huchukua moja ya njia tatu: huupuuza, huzima kabisa huduma ya masasisho ili asisumbuliwe, au humpelekea kompyuta fundi wa mtaani ambaye hufuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Njia mbili za kwanza huiacha kompyuta bila kinga. Ya tatu huweza kupoteza taarifa za ofisi ambazo hazina nakala popote.

Makala haya yanaeleza njia ya nne, ambayo ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: kutambua ni katika hatua gani sasisho limekwama, kisha kurekebisha hatua hiyo peke yake.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Isikizya ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora. Kama ilivyo katika halmashauri nyingine nchini, kazi ambazo zamani zilifanyika kwa leja na majalada sasa hupita katika kompyuta. Ununuzi wa umma hufanyika kupitia mfumo wa NeST, malipo kupitia MUSE, hesabu za shule, zahanati na vituo vya afya kupitia FFARS, na katika hospitali nyingi za Serikali taarifa za mgonjwa huhifadhiwa katika GoT-HoMIS. Kompyuta moja iliyoachwa bila kinga katika ofisi ya kata au chumba cha mapokezi cha kituo cha afya huweza kuwa mlango wa kuingilia katika taarifa za wananchi wengi.

Wajibu huo upo pia kisheria. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliweka misingi ya matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Serikali Mtandao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu kuzilinda zisipotee wala kufikiwa na wasiohusika. Kompyuta isiyosasishwa haiwezi kutimiza sharti hilo kwa uhakika.

Ulimwengu ulipata funzo lake mwaka 2017. Machi 14 mwaka huo Microsoft ilitoa sasisho lililoziba tundu moja kubwa katika Windows. Siku 59 baadaye, Ijumaa ya Mei 12, virusi vilivyopewa jina la WannaCry vilianza kuenea kupitia tundu hilohilo, vikifunga mafaili ya kompyuta na kudai fedha ili kuyafungua. Zaidi ya nchi 150 ziliathirika. Nchini Uingereza, taasisi 81 kati ya 236 zinazoendesha hospitali za umma ziliguswa, na inakadiriwa kuwa miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa iliahirishwa. Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa imekwisha kutolewa takribani miezi miwili kabla. Kompyuta zilizodhurika hazikuwa zimeipokea.

Vituo vinne vya safari ya sasisho

Watu wa Unyamwezi hawahitaji kufundishwa maana ya kusubiri mzigo. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Tura na Kigwa, maeneo ambayo leo yamo katika Wilaya ya Uyui, kabla ya kufika Tabora. Katika tembe la Kwihara, mmisionari na mpelelezi David Livingstone alisubiri tangu Machi hadi Agosti 1872 wapagazi na mahitaji yaliyokuwa yakitoka pwani. Mwenye kusubiri mzigo usiofika hujiuliza maswali kwa mpangilio: Je, agizo lilipelekwa? Je, mzigo uko njiani? Je, umefika ukakosa pa kuwekwa? Au umefika, ila haujafunguliwa?

Sasisho la kompyuta nalo hupita katika vituo vinne vinavyofanana na maswali hayo. Kwanza, kompyuta huuliza seva za Microsoft kama kuna sasisho linaloihusu. Pili, hupakua mafaili ya sasisho. Tatu, huyasimika kwenye diski. Nne, hujiwasha upya ili mabadiliko yaanze kutumika. Kushindwa hutokea katika kituo kimojawapo, na kila kituo kina sababu zake.

Ili kujua ilipokwama, fungua mipangilio ya kompyuta kwa kubofya alama ya gurudumu lenye meno, nenda sehemu ya Windows Update, kisha fungua historia ya masasisho. Hapo utaona orodha ya yaliyofanikiwa na yaliyoshindikana. Andika kwenye karatasi jina la sasisho, ambalo huanza na herufi KB zikifuatiwa na tarakimu, pamoja na namba ya kosa, ambayo huanza na 0x. Karatasi hiyo itaokoa muda mwingi hata kama mwishowe utamwita Afisa TEHAMA.

Kabla ya kugusa kingine chochote, nakili mafaili muhimu ya kazi kwenye diski ya nje au mahali pengine palipoidhinishwa na ofisi yako. Hatua zinazofuata kwa kawaida hazifuti kazi zako, lakini anayetengeneza kompyuta bila nakala ya akiba anacheza na bahati.

Kituo cha kwanza: kompyuta inashindwa kuuliza

Sababu inayosahaulika zaidi ni tarehe. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara, kwa kawaida aina ya CR2032, inayoendesha saa wakati umeme haupo. Kompyuta iliyotumika miaka mingi, au iliyokaa muda mrefu bila umeme, huweza kuwa na betri iliyokwisha. Kila ikizimwa, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa. Seva za masasisho hutumia vyeti vya kidijitali vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kuwa leo ni mwaka 2012 huviona vyeti hivyo kuwa si halali, na huvunja mawasiliano. Namba 0x80072F8F mara nyingi huashiria tatizo la aina hii.

Rekebisha tarehe, saa na ukanda wa saa wa Nairobi, ambao ndio unaotumika pia Tanzania. Kisha zima kompyuta, chomoa waya wa umeme kwa dakika chache na uwashe tena. Tarehe ikirudi nyuma, betri ibadilishwe. Ni kifaa cha bei ndogo, na kubadilisha kwake ni kazi ya muda mfupi kwa fundi anayeaminika.

Sababu nyingine ni mtandao wenyewe. Namba 0x80072EE2 humaanisha kompyuta iliuliza na kungoja jibu hadi muda ukaisha. Jaribu kufungua tovuti yoyote. Isipofunguka, tatizo ni la mtandao. Zikifunguka tovuti nyingine lakini masasisho yakagoma, muulize Afisa TEHAMA kama kuna kizuizi katika mtandao wa ofisi, na kama programu ya kukinga virusi iliyopo ni halali na haijapitwa na wakati.

Kituo cha pili: mzigo hauishi njiani

Sasisho la mwezi huweza kuwa na ukubwa wa mamia ya megabaiti, na toleo jipya la mfumo hufikia gigabaiti kadhaa. Kwa ofisi inayotegemea modemu au intaneti ya simu ya mtumishi, kiasi hicho huweza kumaliza kifurushi chote. Ndiyo maana wengi huweka mpangilio unaoitambulisha intaneti hiyo kama mtandao wa kupimiwa, na kompyuta huahirisha upakuaji. Mpangilio huo ni mzuri kwa kubana matumizi, lakini ukisahaulika, kompyuta hukaa miezi bila kupokea kitu na bila kuonesha kosa lolote. Angalia katika mipangilio ya mtandao kama kizuizi hicho kimewekwa, na panga siku moja ya mwezi ya kukiondoa ukiwa kwenye mtandao wa ofisi.

Ofisi yenye kompyuta kadhaa ina nafuu zaidi. Windows ina uwezo wa kuziruhusu kompyuta zilizo katika mtandao mmoja wa ndani kugawana masasisho. Ya kwanza ikishapakua, nyingine huchukua sehemu kubwa ya mafaili kutoka kwake badala ya kila moja kuyafuata ughaibuni. Uwezo huo huwashwa katika mipangilio ya ziada ya Windows Update. Ni vyema pia kompyuta zote zisianze kupakua Jumatano asubuhi kwa pamoja, bali zipangiwe zamu.

Kwa kituo kisicho na intaneti ya kutosha, Afisa TEHAMA anaweza kupakua faili la sasisho mahali penye mtandao mzuri, akitumia jina lile la KB, na kulipeleka kwa flashi. Masharti ni mawili: faili litoke katika hazina rasmi ya Microsoft iitwayo Microsoft Update Catalog na si tovuti nyingine, na flashi ikaguliwe virusi kabla ya kuchomekwa.

Kituo cha tatu: umefika, hauna pa kuwekwa

Namba 0x80070070 ina maana moja tu: diski imejaa. Fungua kompyuta yako na uangalie diski C. Kwa sasisho la kawaida ni busara kuwa na gigabaiti 10 zilizo wazi, na kwa toleo jipya la mfumo gigabaiti 20 au zaidi. Hamisha picha na video zisizohitajika kila siku, safisha kapu la taka, kisha tumia sehemu ya hifadhi katika mipangilio kufuta mafaili ya muda. Tahadhari hapa: orodha ya vitu vya kufutwa huweza kujumuisha folda ya vitu vilivyopakuliwa, ambamo watumishi wengi huacha barua na fomu za kazi. Hakikisha haijawekewa alama ya vema kabla ya kubofya.

Kama nafasi ipo na usimikaji bado unashindikana, huenda mafaili ya sasisho yaliharibika njiani, au mafaili ya mfumo wenyewe yana hitilafu. Namba 0x80073712 huashiria hili la pili. Kukatika kwa umeme katikati ya usimikaji ni chanzo kimojawapo. Anza na kitatuzi cha matatizo kilichomo ndani ya Windows, katika sehemu ya mipangilio ya mfumo. Hujaribu kurekebisha makosa ya kawaida chenyewe, na hakihitaji utaalamu.

Kisiposaidia, hatua inayofuata ni ya Afisa TEHAMA, kwa sababu huhitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Kwanza husimamisha huduma za masasisho, hubadilisha jina la folda inayohifadhi mafaili yaliyopakuliwa ili kompyuta iyapakue upya, kisha huziwasha huduma hizo:

net stop wuauserv
net stop bits
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
net start bits
net start wuauserv

Hatua hii haiondoi masasisho yaliyokwisha kusimikwa, ingawa orodha ya historia huonekana tupu baadaye. Ndiyo sababu karatasi iliyoandikwa mwanzoni ina thamani. Tatizo likiendelea, hukaguliwa mafaili ya mfumo kwa amri mbili, kwa mpangilio huu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Amri ya kwanza hutengeneza hazina ya mafaili ya Windows, na huhitaji intaneti au flashi yenye Windows ya toleo linalolingana. Ya pili huitumia hazina hiyo kurejesha mafaili yaliyoharibika. Huweza kuonekana zimesimama kwa dakika nyingi, ziachwe zimalize.

Kituo cha nne: mzigo umefika, haujafunguliwa

Kompyuta nyingi zinazodhaniwa kuwa mbovu zimekwama hapa. Sasisho limepakuliwa na kusimikwa, linasubiri kompyuta iwashwe upya, nalo hulisubiri hilo kwa wiki nzima. Anayetumia kompyuta mpakato hufunga kifuniko jioni na kukifungua asubuhi. Kompyuta ililala tu. Hata anayechagua kuzima huenda hajaizima kabisa, kwa kuwa Windows ina njia ya kujiwasha haraka inayohifadhi sehemu ya mfumo badala ya kuanza upya. Chagua kuwasha upya, yaani kitufe kilichoandikwa Restart, angalau mara moja kwa wiki.

Wakati skrini inaonesha asilimia za usimikaji, usizime kompyuta hata ukiona imechelewa. Kompyuta ya mezani iwe imeunganishwa na kifaa cha UPS chenye betri inayofanya kazi, na kompyuta mpakato iwe kwenye chaji. Ukiona maandishi yanayosema mabadiliko yanaondolewa, subiri pia. Kompyuta inarudi katika hali yake ya awali ili isiharibike.

Si kila kompyuta isiyosasishwa ina hitilafu

Kuna hali moja ambayo haina dawa miongoni mwa hizi zote. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Kompyuta yenye mfumo huo itaendelea kuwaka na kufanya kazi, lakini haipati tena masasisho ya ulinzi isipokuwa imeandikishwa katika mpango wa nyongeza. Kwa watu binafsi mpango huo unaishia Oktoba 13, 2026. Kwa taasisi, hupatikana kwa malipo yanayopanda kila mwaka, kwa muda usiozidi miaka mitatu. Mtumishi anayeona kompyuta yake iko kimya, haitoi kosa wala kupokea kitu, aangalie kwanza toleo la mfumo alionao.

Kuhamia Windows 11 kunahitaji, pamoja na mambo mengine, kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64 na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Kompyuta nyingi za zamani hazina sifa hizo. Zipo njia za mitaani za kulazimisha usimikaji, lakini kompyuta iliyolazimishwa haina uhakika wa kupata masasisho baadaye, na hilo ndilo tatizo lililokuwa likikimbiwa. Kwa ofisi ya umma njia sahihi ni kuorodhesha kompyuta za namna hiyo, kuzitaja katika mpango na bajeti ya ununuzi, na wakati wa kusubiri kutozitumia kwa taarifa nyeti.

Vivyo hivyo kwa nakala za Windows zisizo halali. Programu zinazotumika kuvunja kufuli la leseni mara nyingi huzima masasisho kwa makusudi, na baadhi hubeba virusi. Kompyuta yenye mfumo wa aina hiyo haitengenezwi kwa kutafuta namba ya kosa. Inahitaji mfumo halali.

Ratiba ndogo ya ofisi

Ofisi yoyote, hata yenye kompyuta moja, inaweza kujiwekea utaratibu huu: Jumatano inayofuata Jumanne ya pili ya mwezi, hakiki tarehe na nafasi ya diski, nakili kazi muhimu, ruhusu masasisho, kisha washa kompyuta upya kabla ya kuondoka. Ijumaa ya wiki hiyo, fungua historia ya masasisho na uone kama yamefanikiwa. Yaliyoshindikana yaandikwe katika daftari: tarehe, jina la KB na namba ya kosa. Likikwama jambo lililo juu ya uwezo wa mtumishi, daftari hilo lifikishwe kwa Afisa TEHAMA wa Halmashauri badala ya kompyuta kupelekwa kwa fundi asiyejulikana, kwani anayepewa kompyuta hupewa pia taarifa zote zilizomo.

Kazi hiyo haichukui zaidi ya saa moja kwa mwezi. Mgonjwa aliyeandikishwa kituoni, mzabuni aliyeingia katika mfumo wa ununuzi na mwanafunzi ambaye jina lake limo katika orodha ya shule hawatajua kamwe kwamba ilifanyika. Watajua tu siku ambayo haikufanyika.